Wafalme Mlangoni kwa Mkunga

Miaka hiyo ya hamsini Wakatoliki wa Msambweni tulienea sote ndani ya banda la kukaushia mbata, na nafasi ya mbata ikabaki. Mwenye banda alituazima siku za ibada tu, kwa hivyo harufu ya nazi kavu ilituingia kwenye nguo tukarudi nayo nyumbani. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yakipikwa, mkono wangu hutaka kufanya ishara ya msalaba. Tulikuwa watu wa kuja: wakata miwa kutoka ziwani, askari mmoja Mkamba na mke wake, Wamakonde waliovuka mpaka kutafuta kazi, na sisi Wataita wachache tuliojiona wenyeji kwa sababu kwetu si mbali sana. Mji wenyewe ulikuwa wa Waislamu, nao walituvumilia vizuri kuliko tulivyovumiliana sisi kwa sisi.

Padre alikuja mara moja kwa mwezi kutoka ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kwa pikipiki iliyosikika kitambo kabla yeye hajaonekana. Siku nyingine zote tuliongozwa na katekista, mtu mwembamba wa bara aliyependa sikukuu kuliko chakula. Na katika sikukuu zote hakuna aliyoipenda kama ya tarehe sita Januari, Epifania, ambayo sisi tuliiita Sikukuu ya Wafalme. Alisema Krismasi ni ya wachungaji, watu wa pale pale kijijini, lakini Epifania ni yetu sisi wa kuja, kwa kuwa ndiyo siku Mungu alipomtoa mtoto wake akamwonyesha wageni. Alilisema hilo kila mwaka, na kila mwaka nilimsikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye pilau.

Mwaka ninaousimulia nilimsikiliza kwa yote mawili, kwa sababu nami nilikuwa na mtoto niliyetaka aonwe.

Kabla ya huyo nilizaa mwingine, mvulana. Nilimzaa kambini, kwenye mashamba ya miwa, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alizaliwa jioni, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa amekwisha kwenda. Nilimbatiza mwenyewe kwa kikombe cha maji ya mtungi, kama tulivyofundishwa kwetu kuwa yeyote anaweza kufanya pakiwa na hatari, na mkono ulinitetemeka hata nikamlowesha zaidi ya kumbatiza. Mume wangu alimzika kabla ya kengele ya kazi. Majirani waliambiwa baadaye, wakaja wakatupa pole, wakarudi kwenye miwa. Hakuna aliyemwona uso wake ila sisi wawili.

Kisha tukahamia mjini, na huko nikaonja uchungu mwingine nisioutarajia. Pwani mwanamke huitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Mwenye mtoto ni mama fulani, na asiye na mtoto huitwa kwa mumewe. Mimi niliitwa Mke wa Fundi, kwa kuwa mume wangu alitengeneza matrekta. Hawakuwa na nia mbaya, na mimi niliitika. Lakini nilikuwa mama wa mtu, na hakuna aliyejua, na kila nilipoitwa nilihisi kama nimeitwa kwa jina la mtu mwingine.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane wa Kidigo, mkunga, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu na maneno ya haraka. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake ikilia. Sisi tulipanga vyumba viwili vya nyumba yake, yeye akakaa cha mbele, na mlango mkubwa ulikuwa wake. Nilimwita Bibi, na aliniita mwanangu hata siku alizonikasirikia. Uchungu uliponijia, mchana wa Desemba, mume wangu akiwa shambani, Bibi hakungoja kuombwa. Nilipiga kelele mambo mengi siku ile ambayo mimi siyakumbuki. Yeye aliyakumbuka.

Mtoto akawa msichana, mzima, mwenye sauti. Na hapo hapo sheria ya Bibi ikaanza: siku arobaini ndani, mama na mtoto. Nilikandwa kwa maji ya moto mpaka nikaomba msamaha wa dhambi ambazo sijazitenda. Nilinyweshwa uji wa pilipili manga. Chumba kilifukizwa ubani asubuhi na jioni, na mtoto hakuonwa na mtu ila wa karibu, na aliyemwona alipaswa kusema mashallah, jicho lisije likamdhuru. Nilikubali yote. Mtu aliyekutoa mtoni humuulizi maji yalikuwa na kina gani.

Taabu ilianza Krismasi. Mume wangu alirudi kutoka Misani akasema padre ametangaza kwamba atakuja Sikukuu ya Wafalme, kisha atapanda meli kwenda kwao likizo, na mpaka karibu na Pasaka hakuna wa kushika nafasi yake. Nilipiga hesabu. Siku ya Wafalme arobaini yangu ingekuwa imevuka nusu tu. Nikijifungia ndani, mwanangu angengoja mpaka Pasaka, na mimi nilikwisha jua mtoto anaweza kungoja kiasi gani. Ni kweli kwamba nikiona hatari ningeweza kumbatiza mwenyewe. Lakini sikutaka kikombe tena. Nilimtaka huyu abatizwe mchana, mbele ya watu, padre akilitaja jina lake kwa sauti na watu wakilisikia. Nilitaka aonwe.

Nilipanga kumbembeleza Bibi polepole, kwa adabu, na huenda ningefaulu kama si katekista.

Yeye alikuwa akitayarisha wafalme wake wa igizo la sikukuu. Wa kwanza alikuwa mkata miwa, wa pili yule askari, wa tatu Mmakonde mrefu aliyekuwa na sauti ya kengele. Dhahabu alikwisha ipata: dele la shaba la kumiminia kahawa, limesuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa. Ubani ulijaa madukani. Manemane ndiyo hakuyapata, na kila aliyemuuliza alimwambia aende kwa mkunga, kwa sababu Bibi aliyatumia kwa wanawake aliowazalisha na daima alikuwa nayo ndani ya kasha. Basi akaja, akapiga hodi, akamwamkia Bibi shikamoo kwa heshima zote. Bibi akafurahi, akaenda kufungua kasha.

Mimi nilisikia sauti yake, nikasogeza pazia la chumba changu nimuulize habari ya ubatizo. Akamwona mtoto mikononi mwangu. Akasema mtoto huyu ni mnene, ni mzito kama gunia la mbata, ana mashavu ya kufinyafinya, na tangu aje Pwani hajaona mtoto mzuri kama huyu. Kwao hiyo ni heshima unayompa mzazi. Alipomaliza akatabasamu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake na kikopo cha manemane mkononi, akingoja neno moja tu. Halikuja. Bibi akakirudisha kikopo, akalifunga kasha, akamwambia mgeni kwamba manemane yamekwisha.

Jioni ile mtoto alikataa ziwa, akalia mpaka akapotewa na sauti. Mimi ni Mkristo, mambo ya jicho siyaamini, lakini niliogopa kama wanaoyaamini. Bibi alimfukiza, akamwimbia, akamsomea dua zake, na asubuhi mtoto akanyonya kama aliyekuwa akinidai. Basi Bibi akatoa hukumu: mpaka arobaini itimie, mtoto huyu hatoki, na mtu wa bara hamwoni.

Nilimwambia lazima nimpeleke kwa padre. Akasema padre ajipeleke Ulaya salama. Nilimwambia nyumba ni yake lakini mtoto ni wangu, nami sikuwa nikinong'ona.

"Mtoto ni wako," akasema. "Mlango ni wangu."

Mume wangu, mtu wa amani, alikumbuka ghafla kwamba kuna trekta limeharibika, akatoka.

Lakini alikokwenda ni kwa katekista, akamweleza kosa lake. Siku ya pili katekista akarudi. Hakuthubutu kuingia. Alisimama nje ya ua akaomba radhi, na tangu hapo hakuacha kusema mashallah. Aliwasemea kuku wa Bibi mashallah, akausemea mtungi, akausemea mnazi ulioinama ambao Bibi mwenyewe alikuwa akitaka kuukata. Kutoka dirishani nilimwona Bibi akiuma mdomo asicheke. Mwishowe akamtolea kigoda, akamwambia aketi asije akaumaliza ua mzima kwa sifa.

Kisha akaanza kumuuliza, na nikaona kwamba amelifikiria jambo hili.

"Hebu nambie, mwalimu. Bibi Maryamu alipojifungua, alikaa siku ngapi kabla ya kumpeleka mtoto kwenye nyumba ya ibada?"

Katekista alikuwa mtu wa kweli, na aliijua kalenda ya Kanisa kuliko alivyojua jina la mkwewe. "Siku arobaini, Bibi," akasema. "Hata sisi tunaiadhimisha siku hiyo, mwezi wa pili, kwa mishumaa."

Kidogo nimrushie kikombe cha uji. Nimeomba, nimegombana, nimelia, halafu mtu wa dini yangu mwenyewe anamkabidhi Bibi ushindi mkononi. Bibi alinigeukia akaniambia kwamba nimesikia, mama yetu mwenyewe alitimiza arobaini, sasa mimi ni nani. Nilitazama chini, machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

Sijui kama ni machozi yangu au ni udadisi wake tu, kwani Bibi hakuweza kuacha hadithi katikati. Alimuuliza katekista yale manemane yalikuwa ya kazi gani. Katekista akamsimulia habari ya wale watu wa mbali, wasio wa kabila wala wa dini ya mahali pale, walioifuata nyota na kuleta dhahabu, ubani na manemane. Bibi alisikiliza mkono shavuni. Kusikia kwamba mtoto mchanga aliletewa ubani na manemane hakukumshangaza hata kidogo. Alisema walioleta hayo walikuwa na akili, bila shaka mmoja wao alikuwa na mama mkunga. Kisha akauliza swali lililobaki.

"Na walimkuta wapi? Alitolewa nje, barabarani?"

"La, Bibi. Waliingia ndani ya nyumba. Wakamkuta mtoto pamoja na mama yake."

Bibi akaifunga kanga yake upya, akatazama mlango wake, akanitazama mimi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Basi na waje. Lakini wapite kwenye moshi kwanza, wote, na huyo padre wenu pia."

Akafungua kasha akampa manemane.

Siku ya Wafalme ilifika, na mimi nilikuwa nimevishwa kanga mpya, nimeketi kitandani, mtoto mapajani. Padre hakuwa amekubali bado kuja kubatiza nyumbani. Katekista alikuwa amemwahi njiani asubuhi akamweleza, na padre alijibu kwamba atafikiri wakati wa Misa. Padre wetu alikuwa mtu mwema, lakini alipenda mambo yaende kama yalivyoandikwa, na hakuna mahali palipoandikwa habari ya Bibi. Kutoka kitandani niliisikia Misa kwa mbali, ng'ambo ya barabara: wimbo, kimya, wimbo. Nilijua kila kimya ni cha nini. Kisha kikaja kimya nisichokijua, kirefu, na Bibi, aliyekuwa akichochea makaa kwenye chetezo, akaacha kuchochea.

Halafu tukasikia ile sauti ya kengele ya Mmakonde, si bandani tena bali barabarani, na nyuma yake sauti zote zilizobaki, na ngoma. Walikuwa wanakuja. Nilicheka na kulia pamoja. Kupitia dirisha nikaiona nyota ya karatasi juu ya mwanzi, inayumba, na chini yake wafalme watatu: mmoja kavaa shuka, mmoja pazia la mtu, askari kavaa viatu vyake vya kazi vilivyong'aa kuliko dele. Nyuma yao Wakatoliki wote wa Msambweni, na nyuma ya hao watu wa mji waliotaka kujua kuna harusi ya nani.

Bibi aliziba mlango kwa mwili wake. Alitia donge la ubani kwenye makaa, moshi ukapanda, na akawapitisha mmoja mmoja. Wafalme walipita wakikohoa, wakasema mashallah. Padre alilazimika kuinama, maana mlango ulikuwa mfupi na yeye mrefu. Bibi akamzungushia chetezo mara moja, akamtazama, akamzungushia tena kwa kuwa alikuwa na mwili mkubwa. Padre alifuta macho yaliyojaa moshi, akamtazama mwanangu, akasema, kwa lafudhi yake ya ajabu na kwa sauti ya mtu aliyefundishwa vizuri, "Mashallah."

Watu walipiga vigelegele mpaka mtoto akashtuka. Hata wale wa nje, wasio wa dini yetu, walipiga.

Alimbatiza pale pale, kwenye kizingiti cha chumba, ili walio uani waone. Mke wa askari akawa mama wa ubatizo. Maji yaliyobarikiwa yalimwagwa kichwani mara tatu, taratibu, mkono wa padre hautetemeki, na jina la mwanangu likatajwa kwa Kilatini na watu mia wakalisikia, au walikuwa thelathini, mimi niliona mia. Mwanangu alipiga chafya. Bibi alisema hiyo ni dalili njema, na padre hakubisha.

Kisha padre, akiwa na furaha, aliwageukia watu akasema tumshukuru Mungu kwa kifungua mimba huyu.

"Si kifungua mimba," Bibi akasema.

Hakupaza sauti, lakini nyumba ilikuwa yake, na watu wakamgeukia.

"Huyu ana kaka yake. Alitangulia. Mama yake alimwita siku ya uchungu, nami nilisikia." Akanigeukia. "Mtaje, mwanangu. Leo ndiyo siku yenu ya kuonyesha watoto."

Mume wangu aliweka mkono begani kwangu. Sikuwa nimelitamka jina lile kwa kujua mbele ya mtu tangu kambini. Nililitaja mara moja, nikaona halikutosha, nikalitaja tena kwa nguvu, jina zima la mwanangu niliyembatiza kwa kikombe, na lilisikika mpaka uani. Padre alifanya ishara ya msalaba hewani, akalirudia. Na katekista, ambaye kwa siku hizo alikuwa amezoea kulisema neno lile kwa kila kitu, akasema kwa sauti ndogo, "Mashallah."

Hakuna aliyecheka. Ndilo neno linalosemwa mtoto akionwa.

Baadaye padre alitoa chaki aliyoibariki, akaomba ruhusa ya kuandika juu ya mlango mkubwa misalaba midogo na herufi za mwanzo za majina ya wale wafalme watatu, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, ili nyumba ibarikiwe mwaka mzima. Juu ya mlango ule Bibi alikuwa amebandika aya zake, katika karatasi iliyogeuka rangi kwa moshi. Alitazama chaki, akatazama aya, akasema aandike pembeni asiziguse hizi. Padre akaandika pembeni, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kawaida yake. Wakala pilau ya Bibi, wafalme kwanza.

Mimi nilirudi kitandani kumalizia siku zangu, maana Bibi hakunipunguzia hata moja. Arobaini ilipotimia alinitoa mwenyewe. Alimbeba mtoto, akamfunika kanga, chetezo kikitangulia, tukazungushwa mji wote nyumba kwa nyumba, kama wanavyozungushwa wazazi wa pale. Nilitoka tayari kuitwa kwa jina la binti yangu, au Mke wa Fundi kama kawaida.

Kwenye mlango wa kwanza mwanamke ambaye sijawahi hata kuazimana naye kinu alisimama, akafuta mikono, akaniamkia kwa jina la mwanangu wa kwanza. Akaniita mama wa yule mvulana, akauliza, umetoka salama? Nilimtazama Bibi. Yeye alikuwa akishughulika na makaa, anayapuliza kama hajasikia kitu. Kwenye mlango wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, na sokoni, na kwa mwenye banda la mbata. Bibi alikuwa amewapitia wote kabla yetu.

Niliitika kila mlango.